Mireille wa Marobota Arobaini

Wapo wanaopenda kwa macho, na wapo wanaopenda kwa tumbo. Mimi, Mbarak wa Ilala, nilipenda kwa masikio, na msinicheke kabla hamjasikia.

Nilikuwa nimesimama kwenye ngazi za jumba moja la maduka ya jumla kule Sanyuanli, Uchina, nabishana na muuza mikoba juu ya zipu, ndipo mwanamke wa Kikongo aliyekuwa ghorofa ya nne akamwita mtu aliyekuwa chini. Aliita mara moja tu.

"Mireille!"

Mi, halafu kitu kikakwaruza kidogo kooni, halafu rey, likaisha ghafla bila kuaga. Nikageuka. Jina si langu, aliyeita hanijui, lakini niligeuka kana kwamba nimeitwa mimi. Muuza mikoba akadhani nimeikataa bei na ninaondoka, akaipunguza mwenyewe.

Aliyeitwa alikuwa ngazi tatu chini yangu, anatafuna muwa, shavu moja limevimba. Hakuitika kwa sababu kinywa kilijaa. Alikuwa mrefu, mweusi wa kung'aa, na ana mwanya ambao niliuona pale alipotema makapi kwenye mfuko wa plastiki na kuniuliza:

"Weye unaangalia nini?"

Ndivyo tulivyojuana.

Mireille alikuwa mtoto wa Lubumbashi, yuko mwaka wa mwisho chuoni, anasomeshwa kwa msaada. Siku asizokuwa na darasa aliwatafsiria wafanyabiashara wa Kiafrika. Kichina chake kilikuwa chepesi mno, hata wauzaji wazee walichungulia nyuma yake kumtafuta Mchina aliyesema. Kifaransa alizaliwa nacho, Kiswahili alikuwa na kile cha kwao, chenye mu na ba nyingi, na njo badala ya ndiyo, ambacho mwanzoni kilinichekesha na baadaye kikawa kinaninyima usingizi.

Siku aliponiandikia jina lake kwenye kikaratasi nilidhani amekosea. Herufi nane! Nikamuuliza zile L mbili zinafanya nini pale kama hazitamkwi.

"Zinapumuzika," akanijibu.

Sasa hilo jina lilikuwa tamu kulisikia, lakini kulisema ilikuwa kazi nyingine. Laoban Liang, bosi wa godauni tunakofungia mizigo, alisema Milei. Abass, Mzanzibari niliyepanga naye chumba, alianza na Mirela, akaenda Marele, mwisho akachoka akawa anasema "yule wako." Mimi nilikataa kushindwa. Kila asubuhi nilisimama dirishani, nikainua kidevu, nikaisaka ile r kooni. Khhh. Mikhhh. Mikhhey.

Mama mwenye nyumba, mjane wa Kikantoni wa ghorofa ya chini, alinisikia siku nne mfululizo. Siku ya tano akabisha hodi na bakuli la dawa ya majani, nyeusi, chungu kuliko shubiri. Akasimama pale pale mlangoni mpaka nikaimaliza. Kesho yake nikajaribu tena jina, akaja tena na bakuli. Ndani ya mwezi mmoja nilikunywa mabakuli kumi na moja, na jina bado.

"Yakhe," Abass akaniambia siku ya bakuli la kumi na moja akishika mbavu, "wazee walisema mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Lakini wewe umepitiliza. Mwanamke gani huyu, kumwita tu lazima upate matibabu?"

"Utanyamaza siku nikiliweza."

"Siku ukiliweza utakuwa huna koo."

Sasa niwaeleze kosa langu, maana bila hilo mngebaki mnashangaa kwa nini mtu mzima nilikuja kulia mbele ya muuza betri.

Sisi wafanyabiashara wadogo hatujazi kontena peke yetu. Tunachangia. Robota langu linalala juu ya la Abass, la Abass juu ya la dada Swalha, na huko Dar es Salaam kila mmoja lazima ajue lake. Kwa hiyo kila robota linaandikwa alama ya mwenyewe kwa rangi, herufi kubwa, ubavuni. Wengine huandika herufi mbili, wengine huchora samaki. Mimi kwa miaka minne niliandika BI MWATIMA. Ni jina la mama yangu mzazi, na yeye ndiye anayekwenda kupokea mzigo na kuupeleka Kariakoo.

Mwezi wa tano mwaka ule wa tisini na tisa, mapenzi yakiwa yamenipanda kichwani, nilimwambia laoban Liang akate bati jipya lenye matundu ya herufi, la kupakia rangi. MIREILLE. Akaniuliza kama nina hakika. Nikasema nina hakika. Liang naye ni mtu mwenye moyo, akaongeza ua dogo pembeni bila kutoza kitu. Niliposimama na kuyaona marobota arobaini ya mikoba niliyonunua mji wa Shiling yamepangwa, yote yana jina lile kwa rangi nyekundu, nilijiona nimeshaoa. Sikumwambia Mireille. Nilitaka siku moja aje kusikia kwamba jina lake limevuka bahari, afurahi.

Hapo sasa ndipo tulipofika mwisho wa Juni. Masomo yamekwisha, tikiti ya Mireille ya kurudi kwao imekatwa, zimebaki siku tisa.

"Baba ananiuliza kwa barua," aliniambia, "kama huku nyuma minaacha mutu. Minamujibu nini?"

"Mjibu kuna mtu."

"Na mama yako anajua kama kuna mutu?"

Nikakohoa.

"Mbarak. Mama yako akijua mbele ya siku yangu ya kupanda ndege, sawa. Asipojua, mi naenda kwetu, na habari yetu inaishia pale. Siwezi kuwa mutu wa kufichwa."

Hakupandisha sauti. Angepandisha ningepata la kubishia. Nikaapa kwamba siku ya Jumatano nitapiga simu nyumbani, yeye akiwa kando yangu, na nitamtaja kwa jina.

Kibanda cha simu cha mtaa wa Dengfeng kilikuwa na vyumba vitatu vya vioo, vyembamba kama kabati, na foleni mbele yake haikuisha. Saa nane mchana kwetu huku ni saa tatu asubuhi Dar es Salaam, na kila Mtanzania alitaka kumpata mtu wake kabla hajatoka. Mireille alivaa gauni la kijani na hereni ndogo, amesuka upya, kana kwamba mama angemwona kwenye waya. Tulibanana chumbani, sikio lake karibu na mkono wa simu. Mlango haukufunga sawasawa. Nyuma yetu kwenye foleni alikuwa dada Swalha, muuza vitenge wa Magomeni, mwanamke ambaye akisikia jambo saa nane, saa tisa Magomeni wanalo.

"Leo utamuambia?" Mireille akanong'ona.

"Leo."

"Njo vile ulisema juzi."

Simu ikaita. Ikapokelewa.

"Asalaam aleikum mama, shikamoo."

"Waaleikum salaam. Marahaba. Mbarak, mzigo wangu uko wapi?"

Katika hesabu zangu zote za mapenzi nilisahau kwamba meli hufika.

"Mzigo... haujafika mama?"

"Nimekwenda godauni jana, nimekwenda na leo alfajiri. Nimezunguka mle ndani na miguu yangu hii naitafuta alama yangu. Ya Abass ipo. Ya Swalha ipo. Yangu hakuna. Mwisho karani ananionyesha fungu zima, ananiambia, Mama Mbarak, mzigo wa mwanao ni huu. Nasoma. Navua miwani, nafuta, navaa tena. Mi-re-i-lle. Mireile ni nani?"

Mireille aliniangalia. Macho yake yalikuwa makubwa, yamejaa mshangao na, jamani, yamejaa matumaini. Mlango ulikuwa umefunguliwa na mama mwenyewe. Nilitakiwa kuingia tu. Nilitakiwa kusema, mama, ni msichana ninayetaka kumwoa. Maneno nilikuwa nayo, nilishayapanga tangu Jumapili.

"Ni kampuni, mama," nikasema.

Sijui lilitoka wapi. Mdomo uliponza kichwa.

"Kampuni."

"Ndiyo mama. Kampuni mpya. Ya Kifaransa."

"Inatengeneza nini?"

"Mikoba."

Nilisikia jogoo wa jirani yetu Mama Tom akiwika, huko Ilala.

"Haya," mama akasema. "Nimesikia."

Akakata. Mama yangu hajapata kukata simu bila kuniuliza kama nimekula. Nilibaki nimeshika mkono wa simu, na nilipogeuka Mireille hakuwepo chumbani.

"Njia ya mwongo ni fupi," dada Swalha akaniambia nilipompita mbio. "Sikusudii kusikiliza, lakini masikio hayana pazia."

Nilimwona Mireille mbele, anakata kati ya watu, kichwa kimenyooka. Nikamwita mbio mbio, bila kuitafuta ile r.

"Mirele! Mirele!"

"Kampuni Mirele imefungwa!" akajibu bila kugeuka.

Mchina mmoja muuza betri akaangua kicheko, nadhani kwa zile kelele tu, maana hakuwa na namna ya kuelewa. Nikamfikia Mireille mbele ya meza ya huyo muuza betri, nikasimama njiani.

"Nisikilize."

"Kampuni ya mikoba. Ni mimi! Niko na bafanyakazi bangapi, Mbarak? Minafungua saa ngapi?"

"Nilishtuka."

"Ulishituka na nini? Mama yako ameuliza jambo moja tu, huyu ni nani. Hata mutoto anayetambaa anaweza kujibu ile."

"Nilitaka nimweleze taratibu. Kwanza alizoee jina."

"Njo pale sasa." Akakunja mikono. "Jina yangu imefika namna gani Dar es Salaam, mi niko huku?"

Basi nikamweleza. Ningefanyaje? Nikamweleza bati la herufi, na rangi, na lile ua la laoban Liang. Alikuwa ananiangalia kama mtu anayesikiliza habari za mgonjwa.

"Marobota ngapi?" akauliza.

"Arobaini."

"Yote?"

"Yote. Rangi nyekundu."

Ule mwanya ukachungulia kidogo. Nilidhani nimepona. Mwanamke gani hapendi kuandikwa mara arobaini?

"Uliniuliza?" akasema.

"Ilikuwa nikushangaze, ufurahi."

"Batu banabeba jina yangu mugongoni, banaitupa chini, banaikalia, mi sijui. Bon. Ile nitakusamehe, juu ulifanya na moyo. Lakini mbele ya ile, kwa mizigo yako ulikuwa unaandika nini?"

"Jina la mama."

Mwanya ukapotea. Mtu mwenye mkokoteni wa masanduku alipiga kelele tumpishe, Mireille hakusogea hata unyayo, mkokoteni ukatuzunguka.

"Rudilia."

"Nilikuwa naandika jina la mama. Bi Mwatima. Miaka minne."

"Ukafuta jina ya mama yako, ukaandika yangu. Mama akafika pale, akajitafuta, akajikosa. Akakuuliza huyu aliyekaa fasi yangu ni nani. Ukamujibu, kampuni."

Likipangwa hivyo, hata mimi nilijiona sifai kwa dawa.

"Kwenu batu banamuitaka nani?" akauliza, sauti imeshuka.

"Nani, mama? Mama Mbarak."

"Kwa soko?"

"Mama Mbarak."

"Ndugu zake?"

"Wadogo zake wanamwita dada."

"Nani anamuita Mwatima?"

Nikafungua kinywa kujibu. Nikataka kusema bibi, lakini bibi tulimzika miaka mitano iliyopita. Nikataka kusema marehemu baba, nikakumbuka baba alimwita Mama Mbarak mpaka siku aliyoaga dunia. Nikazunguka mtaa mzima wa Ilala kichwani, nyumba kwa nyumba, namtafuta mtu mmoja anayemwita mama yangu kwa jina alilopewa na wazazi wake. Sikumpata.

Kisha nikakumbuka barua ya dada yangu Nahla. Aliwahi kuniandikia kwa mzaha kwamba mizigo ikifika, mama haanzi kuihesabu. Kwanza anasimama mbele yake kitambo, anaitazama tu, mpaka vibarua wanamuuliza, mama, kuna tatizo? Nilipoisoma nilicheka. Nilidhani uzee.

Machozi yakanitoka pale pale. Sikuwa na leso. Yule muuza betri akanipa karatasi laini, Mungu ambariki, na hakucheka tena.

"Nimefanya nini mimi," nikasema.

"Umefanya upumbavu," Mireille akasema. Lakini aliushika mkono wangu wakati anasema. "Twende. Tunarudi kwa simu."

"Sasa hivi? Amekasirika."

"Eko na haki. Twende."

Foleni ilikuwa ndefu zaidi. Dada Swalha alikuwa amefika mbele, zamu yake, mkono uko mlangoni. Akatuangalia sisi wawili, akatazama macho yangu mekundu, akarudi nyuma hatua moja.

"Piteni," akasema. "Yangu ni salamu tu, inasubiri. Lakini mlango uacheni wazi kidogo, mle ndani joto."

Simu iliita mara nane.

"Mama, usikate. Si kampuni."

"Najua si kampuni," mama akasema. "Kampuni gani inachorewa ua?"

"Ni msichana, mama. Anaitwa Mireille. Nataka kumwoa. Nilikuwa naogopa kukwambia, ndiyo nikasema uongo. Na jina lako... mama, nisamehe. Sikufikiri. Nilipumbaa."

"Bati halikuwa na nafasi ya majina mawili?" akauliza.

"Lilikuwa nayo, mama."

"Mimi sikatai uoe. Umri umefika, umepita hata. Lakini nimesimama pale godauni kama mtu aliyehamishwa nyumba bila taarifa."

"Nisamehe, mama."

"Huyo binti wa wapi?"

"Kongo."

"Kongo mimi naijua ile ya Kariakoo, mtaa."

"Ni mbele kidogo ya pale, mama. Lubumbashi."

"Dini?"

"Mkatoliki."

Akavuta pumzi ndefu. Nyuma yangu dada Swalha naye akaivuta.

"Hilo si la simu," mama akasema. "Hilo lina mashehe na lina wazazi wake, tutakaa nao. Yupo hapo?"

"Yupo."

"Mpe."

Nilimkabidhi Mireille simu kwa mikono miwili. Sauti ya mama kwenye simu haijawahi kuhitaji mtu aiweke sikioni, kwa hiyo nilisikia yote, na dada Swalha pia, na nadhani na wale wa nyuma yake.

"Shikamoo mama," Mireille akasema, jinsi nilivyomfundisha.

"Marahaba mwanangu. Hujambo Mireile?"

"Sijambo, mama. Ni Mireille."

"Mirelle."

"Mi-rei, mama. Ukisema Mirei inatosha. Bibi yangu wa Likasi anasema tu vile, na mi naitika."

"Mi... Mire... Ah!" Mama akasonya, lakini hakusonya kwa ubaya. "Ulimi wangu ni wa zamani. Huku Mama Tom ameshaanza kuuliza mikoba ya Maireli, kesho sijui ataitaje. Sikiliza mwanangu. Ukija kwetu nitakuita Maryam. Jina zuri, jepesi, kila mtu analiweza. Hata kitabu chenu kinalo."

Nikafumba macho. Nilimjua Mireille. Nilijua kwamba hilo, kwa mwingine yeyote, angelijibu kwa Kifaransa.

"Ni jina muzuri kabisa, mama," akasema polepole. "Lakini lile liko na wenyewe. Mi ninataka niitwe langu, hata mukilivunja kidogo. Na weye, mama? Weye jina yako ni nani?"

Jamani. Kwetu mkwe hamuulizi mama mkwe jina. Mkwe husema mama, akaishia hapo, na akilisikia barabarani hujifanya hakusikia. Dada Swalha alijiziba mdomo. Nilinyoosha mkono kuichukua simu, Mireille akanipiga kiganja.

Hata jogoo wa Mama Tom alinyamaza.

"Mwatima," mama akasema. Alisema kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia, sauti ya msichana.

"Mwatima," Mireille akarudia. Alilisema lote, taratibu, hakuacha hata herufi. "Ni jina ya kupendeza. Mama Mwatima."

Nikasikia mama akipumua. Kisha akacheka. Alicheka kicheko kirefu chenye maji ndani yake, akajaribu kukizuia, kikamshinda, akapenga kamasi, akacheka tena. Miaka yote nimemletea mama yangu vitenge, vyombo, redio na saa ya ukutani, sijapata kumchekesha hivyo.

"Mirei," akasema alipotulia. "Haya. Mirei. Hilo linasemeka. Nipe huyo mjinga."

Nikapokea.

"Mbarak."

"Naam mama."

"Nimempenda. Ana adabu ya kuuliza. Umeshamposa?"

"Ndiyo mama. Yaani... moyoni."

"Mimi nauliza kwa mdomo."

Nikatafuta siku. Nikapekua miezi saba yote. Kulikuwa na kutembea kando ya mto, kulikuwa na kula tambi mpaka jasho, kulikuwa na basi la Shiling alipolala begani kwangu nikaogopa hata kupepesa. Nilijifunza jina lake mpaka nikanywa dawa. Lakini kumuuliza? Nikatazama dari.

"Bado, mama."

"Marobota arobaini yanajua, mimi najua, makarani wa godauni wanajua. Mwenyewe hujamuuliza?"

"Astaghfirullah!" dada Swalha akasema, hajali tena kama anasikika.

"Muulize sasa," mama akasema. "Nipo hapa. Nasubiri. Na usinitajie kampuni."

Nikageuka. Chumba kilikuwa chembamba mno hata kupiga goti haiwezekani, na ningepiga ningekwama. Mireille aliegemea kioo, mikono nyuma. Watu wa foleni walikuwa wamesogea wote, Waswahili na Wakongo na mama Mchina mwenye kibanda, ambaye hakujua kinachoendelea lakini aliizima redio yake.

Ile r nikaiacha. Nilikuwa nimeitafuta kooni miezi saba na sikuwa na muda wa kuitafuta tena. Nikamwita kama mama, kama bibi yake wa Likasi.

"Mirei," nikasema. "Nakupenda. Nilikupenda kabla sijakuona, niliposikia unavyoitwa. Mimi mwoga, umeona mwenyewe. Leo nimekukana mbele ya mama na bado umerudi ukanisaidia. Naomba uwe mke wangu. Ukikataa nitaelewa, ila sitapona."

Aliangalia viatu vyake, akaangalia foleni, akaniangalia mimi. Macho yake yalikuwa yamelowa, na mwanya ule ulikuwa unachungulia, unarudi ndani, unachungulia tena.

"Kasemaje?" mama akapiga kelele kwenye simu. "Mbarak! Kasemaje?"

Mireille akaichukua simu mkononi mwangu.

"Mama Mwatima? Ni mimi, Mirei. Weye nimekukubali, mama. Kabisa."

Vigelegele vya mama vilitoka kwenye simu vikapokelewa na dada Swalha, na Wakongo wakaongeza vyao, hadi mama Mchina akaziba masikio huku akicheka.

"Na mimi?" nikauliza. "Mireille, na mimi je?"

Akaweka simu mahali pake, akajifuta macho kwa kiganja, akafungua mlango.

"Weye nitakujibu nikisha kula," akasema. "Mapenzi yenu yananipa njaa."

Nikalipa simu haraka haraka nikamfuata.